Mpira Uko Ndani, Aliyeupiga Yuko Nje

Katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, umetunzwa mpira wa besiboli wenye alama ya nyota iliyokatwa kwenye ngozi yake. Barry Bonds aliupiga mpira huo usiku wa tarehe 7 Agosti 2007 mjini San Francisco. Ukavuka uzio, ukaangukia kwa watazamaji, ikawa homurani yake ya 756, na kwa pigo hilo akaivunja rekodi ya Hank Aaron. Mbunifu wa mavazi Marc Ecko aliununua mnadani kwa dola 752,467, kisha akawauliza watu mtandaoni aufanyeje: aupeleke makumbusho kama ulivyo, aurushe anga za juu kwa roketi, au kwanza aupige chapa ya nyota, ile alama ambayo kwenye majedwali ya takwimu humwambia msomaji "ngoja, kuna maelezo hapa chini"? Nyota ikashinda. Mwaka 2008 mpira ukapokelewa Cooperstown na kovu lake.

Bonds hajapokelewa. Mtu aliyepiga homurani nyingi kuliko yeyote katika ligi kuu ya Marekani, 762, na kutwaa tuzo ya Mchezaji Bora mara saba, hana bamba la shaba kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli. Mpira wake umepata kiti, yeye yuko mlangoni.

Najua wasomaji wengi wa safu hii ni watu wa soka. Besiboli kwetu ni mgeni anayebisha hodi, ingawa watoto wa Lugazi, Uganda, walishafika Williamsport, Marekani, mwaka 2012 kwenye mashindano ya dunia ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika pale. Lakini kisa hiki hakikudai ujue sheria za mchezo. Inatosha kujua kwamba homurani ni pigo la kuvusha mpira nje ya uwanja, na kwamba Wamarekani wanaamini mtu akiingia Cooperstown amemaliza. Hakuna heshima iliyo juu ya hiyo. Kinachonivuta mimi ni mizani. Nani ameishika, na wakati anapima, tunaiona mikono yake?

Ukumbi wenyewe si mali ya ligi. Mwanzilishi wake, Stephen Clark, alikuwa mrithi wa utajiri wa cherehani za Singer, naam, hizi hizi zilizo kwenye baraza za mafundi wetu, na mwenyekiti wa sasa, Jane Forbes Clark, ni mjukuu wake. Ulifunguliwa mwaka 1939 ili kuadhimisha miaka 100 tangu Abner Doubleday aubuni mchezo huu palepale Cooperstown. Hadithi tamu, ila ni ya uongo: mwaka 1839 Doubleday alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Wanahistoria walishaizika zamani. Msomaji aikumbuke tu, maana nitairudia.

Milango ya kuingilia ni miwili. Wa kwanza ni kura ya waandishi wa habari. Mwanachama wa Chama cha Waandishi wa Besiboli Marekani akitimiza miaka 10 mfululizo katika chama hupewa karatasi yenye majina ya wachezaji waliocheza misimu isiyopungua 10 na ambao wamestaafu angalau miaka mitano. Anaruhusiwa kuweka alama kwa majina yasiyozidi 10. Ukipata asilimia 75 umeingia. Ukishindwa kufikisha asilimia 5 umefutwa. Ukielea katikati una miaka 10 ya kujaribu; hadi mwaka 2014 ilikuwa 15. Mlango wa pili ni chumba. Humo hukaa kamati ya watu 16 iliyoteuliwa na ukumbi, ikawatazama upya walioachwa na waandishi, pamoja na makocha, wamiliki na viongozi. Hapo zinatakiwa kura 12.

Watu wengi wakizungumzia dhuluma ya Cooperstown huwarukia waandishi. Tuwarukie basi, maana wanastahili kiasi fulani.

Katika kura ya kwanza kabisa, mwaka 1936, Babe Ruth alipata 215 kati ya 226. Maana yake watu 11 walikaa na kalamu, wakalitazama jina la Babe Ruth, wakaona hapana. Mwaka 1979 waandishi 23 kati ya 432 walimnyima Willie Mays. Jackie Robinson, aliyeuvunja ubaguzi wa rangi kwenye ligi kuu mwaka 1947, aliingia 1962 kwa kura 124 kati ya 160, yaani nne tu juu ya mstari. Mwaka 1973 Roberto Clemente alipigiwa kura maalumu baada ya kufa katika ajali ya ndege usiku wa kuamkia mwaka mpya, akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi Nicaragua. Na hata hapo, marehemu hajamaliza miezi mitatu, 31 kati ya 424 hawakuandika ndiyo. Ilibidi tufike 2019 ndipo mtu wa kwanza apate kura zote: Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi kutoka Panama, 425 kwa 425. Mwaka uliofuata Derek Jeter akapungukiwa na moja. Mwaka 2025 Ichiro Suzuki, Mjapani wa kwanza kuingia, akapata 393 kati ya 394. Alicheka, akasema angependa kumwalika mwandishi huyo nyumbani kwake wanywe pamoja. Hakujitokeza mtu.

Haya ni maudhi tu, kwa sababu wote hao waliingia. Lenye uzito zaidi ni lile la Bert Blyleven. Mrushaji huyu alistaafu baada ya msimu wa 1992 akiwa ameshinda mechi 287. Mwaka 1999 waandishi walimpa asilimia 14.1. Mwaka 2011 walimpa asilimia 79.7. Katikati ya hapo Blyleven hakurusha mpira hata mmoja. Larry Walker alikuwa na asilimia 10.2 mwaka 2014, akaingia 2020, nafasi yake ya mwisho, kwa 76.6. Scott Rolen alianza na 10.2 mwaka 2018, akaingia 2023. Rekodi zao hazikuongezeka. Kilichobadilika ni vichwa vya wapimaji: takwimu mpya zilizopima mambo ambayo macho hayakuyaona, vizazi vipya vya waandishi, na pia uamuzi wa 2015 wa kuwaondolea kura watu ambao walikuwa wameacha kuandika habari za besiboli kwa zaidi ya miaka 10. Wapo waliopiga kura na uwanjani hawajakanyaga tangu watoto wao wako chekechea!

Sasa jiulize juu ya Kenny Lofton. Huyu aliiba vituo 622, yaani alikimbilia kituo kinachofuata mpira ukiwa haujapigwa, akalinda eneo la kati kama mlinzi wa benki. Bahati yake mbaya, jina lake lilitokea mara ya kwanza mwaka 2013, karatasi ileile iliyomleta Bonds, mrushaji Roger Clemens na mpigaji Sammy Sosa kwa mpigo. Nafasi ni 10, majina makubwa yamejaa kama daladala ya jioni. Lofton akapata asilimia 3.2 akafutwa. Hakupewa hata mwaka mmoja wa kusubiri takwimu mpya zimtetee kama zilivyomtetea Walker. Ukiniuliza, hapo ndipo waandishi wanadaiwa zaidi kuliko kwenye zile kura moja moja za ukaidi.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Waandishi hawa ni karibu 400. Kichaa mmoja akipiga kura ya kichaa, inamezwa. Wengi wao huanika karatasi zao hadharani, wakatukanwa, wakajitetea, na mwaka unaofuata wengine wakabadilika. Desemba 2016 walikubaliana, 80 kwa 9, kwamba karatasi zote zitangazwe. Ukumbi ukakataa mwaka 2017. Kwa hiyo siri ya yule aliyemnyima Jeter si ya chama cha waandishi. Anayeilinda ni mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ndiye pia aliyeandika kifungu cha tabia. Kanuni inamtaka mpiga kura atazame rekodi ya mchezaji, uwezo wake wa kucheza, uadilifu wake, uungwana wake wa kimichezo, tabia yake na mchango wake kwa timu. Kati ya vigezo sita, vitatu vya katikati ndivyo vimemfungia Bonds nje. Simtetei. Ripoti ya Mitchell ya Desemba 2007, ya uchunguzi ulioagizwa na ligi, ilimtaja yeye na Clemens miongoni mwa wachezaji 89 waliohusishwa na dawa za kusisimua misuli, na mtu mwenye macho aliuona mwili wa Bonds ukinenepa kichwa na mabega katika umri ambao wenzake wanaanza kutafuta kazi ya utangazaji. Ninachouliza ni kwa nini kifungu hiki kina usingizi mzito kwa baadhi ya watu.

Gaylord Perry alipaka mpira mate na mafuta miaka nenda rudi, jambo lililopigwa marufuku tangu 1920, akaandika kitabu kukiri, kisha akaingia mwaka 1991. Watu wanamsimulia huku wanacheka, mjanja yule. Cap Anson, nyota wa karne ya 19, alikataa waziwazi kucheza na watu weusi na akatumia ukubwa wake kuufanya ukataaji huo kuwa desturi. Yumo tangu 1939. Kenesaw Landis alikuwa kamishna, yaani mkuu wa ligi, kuanzia 1920 hadi alipofariki 1944, na kwa muda wote huo hakuna mchezaji mweusi aliyetia mguu ligi kuu. Yumo. Mwaka 2020 waandishi waliliondoa jina la Landis kwenye tuzo ya Mchezaji Bora. Bamba lake Cooperstown halijaguswa. Kama tabia ni kigezo, basi dawa ya kuongeza misuli imeonekana dhambi kubwa kuliko kumfungia mtu mlango wa kazi kwa sababu ya ngozi yake. Mimi sijawahi kusikia mtu akiitetea hesabu hiyo kwa sauti.

Halafu yuko Bud Selig. Huyu ndiye alikuwa kamishna wakati homurani zinamiminika na viwanja vimejaa. Mwaka 1998 Mark McGwire alipopiga 70 na Sosa 66, taifa zima lilisherehekea na ligi ikahesabu fedha. Upimaji wa dawa ulikuja baadaye, kwanza ule wa majaribio wa 2003 usio na adhabu, na adhabu zenye meno zikafuata huku wabunge wakifoka. Desemba 2016 kamati ya chumbani ilimwingiza Selig kwa kura 15 kati ya 16. Mwezi uliofuata Bonds na Clemens wakavuka asilimia 50 kwa mara ya kwanza, kutoka 44 na 45, na baadhi ya waandishi walisema bila kuficha: kama aliyesimamia enzi ile ameingia, sisi hatuna tena sababu ya kuwakataa walioicheza.

Haikutosha. Mwaka 2022, nafasi yao ya kumi na ya mwisho, Bonds aliishia asilimia 66.0 na Clemens 65.2. Kwenye bahasha hiyohiyo alitoka mshindi mmoja: David Ortiz, mwaka wake wa kwanza, asilimia 77.9. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2009 kwamba jina la Ortiz lilikuwa kwenye orodha ya walioonekana na dawa katika majaribio yale ya 2003. Kwa haki yake, kamishna Rob Manfred alisema baadaye kwamba baadhi ya matokeo ya orodha ile yana shaka, na Ortiz hakuwahi kuadhibiwa kwa dawa. Lakini Bonds na Clemens nao hawakuwahi kufungiwa na ligi kwa dawa hata siku moja. Tofauti iliyobaki ni ipi? Ushahidi dhidi ya Bonds ni mzito zaidi, hilo nakubali. Ila tusidanganyane: Ortiz alikuwa anapendeka, anakumbatia watu, anatania waandishi. Bonds alikuwa anawafukuza kwenye kabati lake kama mwenye deni anayefukuza mdai. Aliyewahi kufukuzwa na chanzo chake cha habari akiwa kazini anajua jinsi kidole kinavyokuwa kizito baadaye.

Kuna hoja moja ya wanaompinga ambayo siwezi kuipita. Fred McGriff alipiga homurani 493 bila kunong'onwa na mtu. Katika enzi ya kawaida zingekuwa mlima. Katika enzi ya watu kupiga 60 na 70 kwa msimu, zikawa kichuguu, na waandishi hawakuwahi kumfikisha hata asilimia 40. Huyo ndiye mwathirika wa kweli wa dawa, mtu aliyepunjwa na mizani bandia. Desemba 2022 chumba kilimwingiza kwa kura zote 16, siku ileile kilipomkataa Bonds. Wengi waliona hapo haki imetendeka pande zote mbili. Kwangu McGriff amelipwa deni lake, na vizuri sana. Sioni jinsi kumficha Bonds kunavyomwongezea McGriff chochote. Kinachomsaidia McGriff ni wageni wa Cooperstown kuelewa kwa nini 493 zake zilionekana ndogo, na hawawezi kuelewa kama hadithi ya enzi ile inasimuliwa kwa mpira wenye nyota huku ukutani pana pengo.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye chumba hicho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chumba hicho, wakati huo kikiitwa kamati ya wakongwe, kiliongozwa kwa ushawishi na Frankie Frisch, na Bill Terry akajiunga naye. Wote wawili walichezea Giants ya New York, na Frisch akahamia Cardinals ya St. Louis. Ndani ya miaka michache wakaingia Jesse Haines, Dave Bancroft, Chick Hafey, Ross Youngs, George Kelly, Jim Bottomley. Ukitafuta walichezea wapi, ni Giants na Cardinals, Giants na Cardinals. Kelly kwenye kura za waandishi hakuwahi kukaribia popote. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Tofauti ni kwamba huku ngedere hushinda.

Unaweza kusema hiyo ni zamani. Desemba 2018 chumba kilimwingiza Harold Baines kwa kura 12, idadi ileile inayotakiwa, haikuzidi hata moja. Baines alikuwa mpigaji mzuri, mtu mpole, anayeheshimika. Waandishi walikuwa hawajawahi kumpa zaidi ya asilimia 6.1. Nani alikaa mezani siku hiyo? Jerry Reinsdorf, mmiliki wa White Sox ya Chicago, timu ambayo Baines aliichezea vipindi vitatu. Tony La Russa, kocha wake wa zamani. Pat Gillick, aliyekuwa meneja mkuu wa timu ya Baltimore wakati Baines yuko pale. Roberto Alomar, aliyecheza naye. Hakuna aliyevunja kanuni yoyote, kwa sababu kanuni ya kumwambia mtu "huyu ni wako, toka nje kidogo" haipo. Kwenye kikao cha harusi tu mjomba wa bibi harusi hapewi kazi ya kukagua matumizi.

Ukiutazama mfano huo wa Baines unaweza kusema, aa, mtu mmoja wa ziada ameingia, nani ameumia? Basi msikilize Buck O'Neil.

O'Neil alizaliwa Florida mwaka 1911, akachezea na kuifundisha Kansas City Monarchs katika ligi za watu weusi, ligi ambazo zilikuwepo kwa sababu watu kama Anson na Landis walihakikisha hakuna pengine pa kwenda. Mwaka 1962 akawa kocha mweusi wa kwanza katika ligi kuu. Uzeeni alishiriki kuanzisha makumbusho ya ligi hizo Kansas City, na kwa miaka mingi alizunguka nchi nzima kuwasimulia Wamarekani kuhusu wachezaji ambao hawakuwahi kupigwa picha za kutosha. Mwaka 2006 Cooperstown iliunda kamati maalumu ya wataalamu 12 kuwatazama watu 39 wa historia ya besiboli ya weusi. Waliwapitisha 17, miongoni mwao Effa Manley, mwanamke wa kwanza na hadi sasa wa pekee. Wote 17 walikuwa wamekwisha kufa. Kwenye orodha ya 39 walikuwemo hai wawili, Minnie Miñoso na Buck O'Neil. Wote wawili wakaachwa.

Walitakiwa sasa kumpata mtu wa kuzungumza kwa niaba ya wale 17 siku ya sherehe. Wakamwomba O'Neil. Akakubali. Tarehe 30 Julai 2006, mzee wa miaka 94, alipanda jukwaani Cooperstown kuwasifu watu walioingia mahali alipokataliwa yeye, na hakutoa neno moja la uchungu. Aliwaambia watu washikane mikono waimbe. Akafariki Oktoba mwaka huohuo. Chumba kingine kikamchagua Desemba 2021, na siku hiyohiyo kamati nyingine ikamchagua Miñoso, ambaye naye alikuwa amefariki 2015. Kura zile 12 za mwaka 2006 hazikuwahi kutangazwa, nani alisema ndiyo na nani hapana.

Na katika siku hiyohiyo ya Desemba 2021 aliingia Bud Fowler, mchezaji mweusi wa kwanza wa kulipwa, aliyeanza mwaka 1878 na kufa 1913. Fowler alikulia wapi? Cooperstown. Sasa rudi kwa Doubleday wangu. Mji ulijengewa ukumbi kwa ajili ya mtu ambaye hakubuni kitu pale, na mtoto wa mji aliyecheza kweli akasubiri miaka 82 tangu milango ifunguliwe.

Lazima niwe mkweli: vyumba pia ndivyo vilivyosahihisha makosa. Mwaka 1966 Ted Williams, mzungu, mmoja wa wapigaji wakubwa wa historia, alitumia hotuba yake ya kuingizwa kusema anatumaini siku moja Satchel Paige na Josh Gibson watakuwemo kwa niaba ya wote walionyimwa nafasi. Waandishi wasingeweza kuwapigia kura: Paige alikuwa na misimu michache tu ya ligi kuu, Gibson hakuwa na hata mmoja, amefariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Robinson hajaingia uwanjani. Ikabidi iundwe kamati. Mwaka 1971 Paige akachaguliwa, na ukumbi ukatangaza kwamba ataheshimiwa katika sehemu ya pembeni. Ndiyo, walitaka kumtengea Paige kona yake, ubaguzi wenye fremu. Kelele za watu na magazeti zikawarudisha nyuma, akawekwa na wenzake. Gibson akafuata 1972. Mwaka 2024 ligi ilipoziingiza takwimu za ligi za weusi kwenye vitabu vyake, wastani wa mipigo wa Gibson, 0.372, ulimpita Ty Cobb, aliyeongoza orodha tangu enzi za babu zetu.

Kwa hiyo siombi chumba kivunjwe. Naomba taa. Karatasi za wale 16 zianikwe kama waandishi wengi wanavyoanika zao, na mwenye undugu wa timu au wa biashara na mgombea asipige kura juu yake. Kuhusu kifungu cha tabia, ningekiondoa kwenye karatasi ya kura nikakihamishia kwenye shaba. Mtu aingie kwa alichofanya uwanjani, na bamba liseme yote. Wanaosema bamba si mahali pa maelezo wamesahau kwamba Cooperstown imewahi kuyeyusha shaba zaidi ya mara moja. Bamba la kwanza la Robinson halikutaja kabisa kwamba alivunja ubaguzi wa rangi. Mwaka 2008 likatengenezwa upya likataja. Bamba la Clemente lilipindua majina yake, wakaliandika "Roberto Walker Clemente" kwa kutojua kwamba kwa Wapuerto Riko jina la ukoo wa mama hukaa mwisho. Likarekebishwa mwaka 2000. Bonds alikuwa Mchezaji Bora mara tatu kabla ya 1994. Yaandikwe hayo, na mstari wa chini yake uandikwe yaliyofuata. Anson naye aongezewe mstari wake, nafasi ipo.

Pete Rose, aliyefungiwa maisha kwa kucheza kamari ya besiboli, nisimwongelee sana. Kamari si dawa, na kanuni ya kumzuia ilitungwa 1991 waziwazi kwa ajili yake. Alikufa Septemba 2024 na mipigo yake 4,256. Mei 2025 ligi ikatangaza kuwa kifungo cha maisha huisha mtu akifa. Anaweza kujadiliwa Desemba 2027.

Tarehe 7 Desemba 2025 chumba kilikutana tena. Majina manane mezani, Bonds na Clemens wakiwemo. Kila mjumbe anaruhusiwa kuchagua watatu tu, maana yake chumba kizima kina kura 48. Jeff Kent, aliyecheza na Bonds San Francisco na kugombana naye hadi kusukumana mbele ya kamera, alipata 14 akaingia. Carlos Delgado 9, Don Mattingly 6, Dale Murphy 6. Zinabaki 13 za kugawana watu wanne. Na kuna kanuni mpya ya mwaka huohuo: asiyefikisha kura tano haruhusiwi kurudi awamu inayofuata, na akishindwa tena kuzifikisha, jina lake halitawekwa mezani kamwe. Bonds hawezi kurudi kabla ya Desemba 2031, akiwa na miaka 67.

Alipata kura ngapi? Tangazo la ukumbi lilisema yeye, Clemens, Gary Sheffield na Fernando Valenzuela walipata "chini ya tano". Huenda ni nne. Huenda ni sifuri. Idadi kamili hawaitangazi.